Shuku Jambo, Usimshuku Mtu: Mwongozo kwa Mpelelezi Kijana wa Madungu

Alhamisi jioni kanzu nyeupe imedondokewa na mchuzi wa samaki. Doa ni dogo, la manjano, limekaa karibu na kifua. Ijumaa asubuhi mama ameshaweka beseni uani. Anachukua sabuni ya mche, anasugua mara mbili tatu, na pale pale doa linageuka jekundu la kahawia, mfano wa damu iliyokauka. Nyumba nzima inasimama. Wa kwanza anasema kijana kapigana huko, anaficha. Wa pili anasema sabuni za siku hizi si sabuni, mwenye duka anatuuzia uchafu. Wa tatu anamgeukia dada mtu: bila shaka kailoweka kanzu pamoja na khanga mpya, imechuja. Adhana ya adhuhuri haijalia, watu watatu wameshatuhumiwa, na wote hawana kosa.

Nimeliona jambo hili kwa macho yangu Madungu, hapa hapa Chake Chake, na sidhani kama kuna ua ambao halijapita. Ndilo lililonifanya nikuandikie wewe kijana wa skuli, mwenye umri wa miaka kumi na kuendelea, usiyeridhika na jibu la "ndivyo ilivyo". Nataka ujifunze kupeleleza. Mafumbo yako karibu: uani, jikoni, kisimani, kwenye jamvi la karafuu. Sayansi ya kuyafumbua unafundishwa darasani kila wiki. Kilichobaki ni kuitoa nje.

Sharti moja kabla ya yote

Shuku jambo, usimshuku mtu.

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina mahali pake, lakini kwa mpelelezi ni mtego, kwa sababu lisemwalo mara nyingi lipo midomoni tu. Mtaani kwetu kila nyumba inamjua jirani yake. Mtu akishatajwa kwa wizi au kwa kumdhuru mwenzake, jina lile humganda hata ikija kubainika kuwa hana kosa. Dini nayo imetutahadharisha na dhana mbaya. Kwa hiyo kila fumbo lianze na maswali ya kitu: kimegeuka nini? Kimepungua nini? Kimekutana na nini? Swali la "nani?" liweke mwisho kabisa. Mara nyingi ukifika huko utalikuta halina kazi tena.

Mkoba wa mpelelezi

Hakuna haja ya kununua vifaa vya gharama. Kusanya hivi:

- daftari na kalamu ya risasi;
- rula, na saa yoyote inayoonyesha dakika;
- chupa tatu za plastiki zenye ukubwa mmoja na vifuniko vyake;
- vipande vya kitambaa cheupe cha pamba;
- ndimu, siki, manjano ya unga, jivu la kuni na sabuni ya mche;
- vijiti vichache vya chaki nyeupe;
- mkaa uliosagwa laini, brashi yenye nywele laini na selotepu;
- mizani ya kuazima, na mtu mzima wa kukuangalia unapotumia moto.

Kitu kimoja hakikai mkobani ila kichwani: shahidi. Katika kila jaribio weka kipande kimoja usichokitia kile unachokijaribu, ili ulinganishe nacho. Ukitia ndimu kwenye kitambaa kimoja, kingine kitie maji matupu. Bila ya shahidi huwezi kujua kama kilichogeuza rangi ni ndimu au ni umajimaji tu. Na siku zote badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi limefanya kazi.

Kesi ya kwanza: doa lililogeuka damu

Turudi kwenye kanzu. Mshukiwa wetu ni manjano yaliyokuwa kwenye mchuzi. Mfanyie mahojiano hivi:

1. Koroga kijiko kimoja cha manjano na maji kidogo hadi yawe mazito. Paka kwenye vipande vitano vya kitambaa cheupe, uviache vikauke kivulini.
2. Cha kwanza kitie matone ya maji matupu. Huyu ndiye shahidi.
3. Cha pili kitie ndimu, cha tatu siki.
4. Cha nne kisugue kwa sabuni ya mche iliyoloweshwa.
5. Cha tano kitie maji yaliyochujwa kutoka kwenye jivu. Usiyashike sana, yanakereketa ngozi.

Maji matupu, ndimu na siki vitaacha rangi ya manjano ile ile. Sabuni na jivu vitaleta wekundu mbele ya macho yako. Sasa chukua kile kipande cha sabuni, kidondoshee ndimu juu ya wekundu. Kitarudi kuwa cha manjano. Damu haifanyi hivyo, wala rangi ya khanga.

Sababu yake ni hii. Ndani ya manjano mna kemikali ya rangi iitwayo kurkumini. Ikiwa pamoja na asidi, kama ya ndimu au siki, huwa ya manjano. Ikikutana na besi, na sabuni ya mche na maji ya jivu ni besi, umbo lake la ndani hubadilika kidogo, na mwanga unaorudi machoni mwetu ukawa mwekundu. Kwa maneno mengine, jikoni kwenu mna kipima asidi na besi kama zile karatasi za litmasi za maabara, na hakuna aliyekuambia.

Usiishie hapo, maana kanzu bado ina doa. Fua vipande viwili vyenye madoa sawa, uvisuuze vizuri. Kimoja kianike juani mchana kutwa, kingine kifungie sandukuni. Jioni vilinganishe. Cha juani kitakuwa kimefifia sana, kwa sababu kurkumini haivumilii mwanga wa jua. Basi dawa ya doa la mchuzi ni kufua, kusuuza na kuanika jua kali. Bibi yako labda analijua hilo tangu zamani. Wewe sasa unajua na kwa nini, na unaweza kulithibitisha mbele ya mtu yeyote.

Kesi ya pili: sabuni isiyotoa povu

Nyumba moja sabuni inatoa povu tele. Nyumba ya pili, sabuni ile ile kutoka duka lile lile, inateleza tu mkononi na kuacha utando mweupe juu ya maji. Lawama inamwendea mwenye duka. Ngoja kwanza.

Jaza chupa tatu hadi nusu: moja maji ya mvua, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji ya kisima. Kwangua sabuni ya mche, uiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya mvua. Ongeza tone moja moja kwenye kila chupa, funika, tikisa, na uhesabu ni matone mangapi yanahitajika hadi povu lidumu dakika moja. Usitumie sabuni ya unga, kwa kuwa hiyo imetengenezwa ivumilie maji ya kila namna na itakuficha jibu.

Maji ya mvua ndiye shahidi wako, maana hayajapita ardhini. Mara nyingi yatatoa povu kwa matone machache. Ikiwa ya kisima yanadai mara tatu au nne zaidi, sabuni haina hatia. Tatizo ni ugumu wa maji. Mvua inapopenya udongoni huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo huyeyusha kidogo kidogo mawe ya chokaa, na mawe ya matumbawe ambayo sehemu nyingi za pwani zetu zimekalia ni ya jamii hiyo. Kalisi iliyoyeyuka hushikana na sabuni, na badala ya povu unapata ule utando.

Ukitaka ushahidi wa pili, chungulia ndani ya birika la chai la nyumba ile. Ukiona ukoko mweupe umeganda chini na pembeni, ni kalisi hiyo hiyo iliyoachwa na maji yaliyochemshwa. Chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kutulia, kisha rudia kuhesabu matone. Yakipungua, umepata na tiba ya kuwaambia wafuaji.

Kesi ya tatu: karafuu zilizopungua

Hii ni kesi ya Pemba hasa. Kijana ameachiwa alinde karafuu kwenye jamvi. Siku alipokabidhiwa zilipimwa. Baada ya siku kadhaa za jua zinapimwa tena, na uzito umekwenda. Kijana anaulizwa kwa ukali: nyingine umezipeleka wapi?

Kabla hajatokwa na machozi, fanya hesabu. Karafuu mbichi ina maji mengi. Kwa makadirio yanayojulikana na kila mkulima, kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Theluthi mbili ya mzigo imepaa hewani, na hakuna aliyeiba kitu.

Usikubali neno langu tu. Omba gramu 300 za karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa makonyo. Zianike peke yake kwenye ungo, uzipime kila asubuhi na kila jioni, na uandike jedwali: tarehe, saa, hali ya hewa, uzito. Uzito utashuka kwa kasi siku za mwanzo, kisha taratibu, kisha utasimama. Ukiishia karibu na gramu 100, maji yamejieleza. Lakini ukiishia na 60, hapo pana swali la kweli, na jedwali lako ndilo litakaloonyesha siku na saa ya kuanzia kuuliza. Sayansi haiji kumtetea kila mtu. Inakuja kutenganisha wenye hatia na wasio na hatia.

Ukishazikausha, zilaze nje usiku mmoja wa mvua chini ya paa la banda lisilo na kuta, uzipime alfajiri. Huenda ukakuta zimeongezeka uzito, kwani karafuu kavu hunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana uzito wa gunia hauna maana kamili mpaka ujue gunia limelala wapi.

Na kuna jaribio jingine dogo la kupendeza. Tia karafuu kavu chache kwenye gilasi ya maji. Iliyo nzima na yenye mafuta yake huzama au husimama wima. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni yujenoli, kemikali nzito kuliko maji, na ndiyo inayoivuta chini. Ni kemikali ile ile unayoinusa ukipita karibu na kiwanda cha makonyo pale Wawi.

Kesi ya nne: karatasi isiyo na jina

Karatasi imekutwa darasani ina maneno mabaya, imeandikwa kwa kalamu nyeusi ya wino wa maji. Wanafunzi watatu wana kalamu nyeusi. Usimkabe mtu. Chukua chaki.

1. Kwa kila kalamu, chora mstari mwembamba kuzunguka kijiti cha chaki, sentimita moja hivi kutoka chini.
2. Simamisha vijiti kwenye kisahani chenye maji kidogo. Maji yasiguse mstari wa wino.
3. Subiri dakika kumi, ukiangalia.

Maji yatapanda ndani ya chaki na kubeba wino. Weusi ule utafumuka: pengine buluu itatangulia, zambarau au nyekundu ifuate, na kila kalamu itaacha mpangilio wake. Rangi inayoyeyuka upesi kwenye maji hukimbia mbele. Ile inayopenda kushika chaki hubaki nyuma. Mwanabotania wa Kirusi Mikhail Tsvet aligundua njia hii mwanzoni mwa karne ya 20, alipozitenganisha rangi za majani ya mimea kwa kuzipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa chaki. Leo maabara za dunia nzima hutumia njia zilizotokana na hiyo kupima dawa, vyakula na damu.

Ili kulinganisha na karatasi yenyewe, omba ruhusa ya maalim ukate kipande chenye wino, ukitie maji matone mawili, na mchirizi wake uugusishe kwenye chaki mpya. Wino wa kalamu ya bolpeni hauyeyuki kwa maji, hivyo jaribio hili halitaufaa.

Tuseme wino umefanana na kalamu moja kati ya tatu. Umethibitisha nini? Kwamba karatasi huenda iliandikwa kwa kalamu ya aina ile. Aliyeishika hujamjua. Kalamu huazimwa, husahauliwa dawatini, na viwanda hutoa maelfu zinazofanana. Alama za vidole nazo ni hivyo hivyo. Ukipitisha brashi yenye unga wa mkaa kwenye gilasi, kisha ukabandua kwa selotepu, utaona vitanzi, mizunguko au matao ya kidole. Alama itakuambia nani aligusa gilasi. Haitakuambia aligusa lini, wala kwa nini. Mpelelezi hodari anajulikana kwa kusema "ushahidi wangu unaishia hapa".

Aliyechekwa akaendelea kuuliza

Huenda utachekwa. Ukichekwa, mkumbuke Erasto Mpemba. Jina lake lisikupoteze. Hakuwa mtu wa kisiwa chetu, alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari kutengeneza aiskrimu, kisha wanaacha yapoe kabla ya kuyatia kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa ikimalizika. Mpemba akayatia yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyetia ya baridi.

Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena na akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Hakunyamaza. Alipokuja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara, kijana alisimama akauliza lile lile huku wenzake wakicheka. Osborne hakucheka. Alirudi maabara, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja matokeo hayo katika jarida la fizikia. Tangu hapo jambo hilo linaitwa duniani kote kwa jina la kijana yule.

Na bado halijamalizika. Wako wanasayansi waliopima tena na kusema hawakuliona, na wako waliosema wameliona. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima yake. Alichofanya ni kusema alichokiona na kutaka kijaribiwe. Wewe pia, ukimaliza kesi, mpe mwenzako daftari arudie. Akipata jibu jingine, msigombane. Rudieni wote wawili.

Pahali pa kusimama

Yako mafumbo ambayo si yako. Usionje kitu usichokijua. Usichanganye dawa za kusafishia. Usiingie kwenye mito na madimbwi kutafuta konokono, kwani ndimo kinamopatikana kichocho. Mkojo wenye damu, homa isiyoshuka, mtu aliyekula kitu akazidiwa: hayo hupelekwa hospitali mara moja, bila ya kuyachunguza nyumbani.

Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza kilichopo Mkoani, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Vipimo vya maabara vilithibitisha kuwa wote walikuwa wamekula nyama hiyo. Msiba ule unatuuma wote, na unatufundisha kwa nini wapelelezi wakubwa wanahitajika. Wengine wao wako karibu na wewe. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 pale Wawi, ina watu wanaokaa na darubini wakitafuta mayai ya kichocho na minyoo kwenye sampuli ndogo ndogo. Kazi yao ni ile ile ya vitambaa vyako vitano: kulinganisha, kuhesabu, kuandika, kurudia. Kutoka Madungu hadi Wawi si mbali. Jitayarishe kufika.

Namna ya kutoa jibu

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa sana. Umepata jibu, daftari limejaa. Sasa lipeleke pale pale tuhuma ilipotolewa. Mtu akilaumiwa uani, asafishwe uani, mbele ya masikio yale yale.

Sema kwa adabu, kwa mfano: "Mama, samahani, naomba nikuonyeshe kitu." Usiseme nani alikosea. Tundika vile vipande vitano kwenye kamba ya nguo, kila kimoja na karatasi yake: maji, ndimu, siki, sabuni, jivu. Waache watazame. Kisha mpe ndimu yule aliyesema khanga imechuja rangi kwenye kanzu, aikamulie mwenyewe juu ya wekundu. Ukiona kanyamaza, kisha kamgeukia dada mtu na kumwambia "nisamehe", funga daftari. Kesi imekwisha.